Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: seli za kinga zinavyokufa na kuzaliwa kwenye mwili wenye VVU, na mambo tuliyojifunza kwa tumbili, makaki na sokwe

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa maabara ninaowafundisha hapa Dar es Salaam, kwa wateja wa kliniki za CTC, zile za matunzo na tiba ya VVU, wanaonisimamisha korido, na kwa majirani ambao wakishajua kazi yangu hawaniachi nipite hivihivi. Karibu yote yanaanzia kwenye karatasi ya majibu yenye namba ya CD4. Namba ile inaonekana imetulia: leo 350, baada ya miezi 6 ni 410. Kumbe nyuma yake mamilioni ya seli yanakufa na mengine yanazaliwa kila saa, na kasi hiyo ina mchango mkubwa katika kuamua nani ataugua. Mengi tunayoyajua kuhusu kasi hiyo yametoka kwa wanyama jamii ya nyani, wakiwamo wa nchi hii. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi lingepotosha.

CD4 ni kitu gani hasa?

Ni aina ya chembe nyeupe za damu, yaani seli T zilizobeba alama inayoitwa CD4 kwenye ukuta wake wa nje. Kazi yake ni kuziongoza seli nyingine za kinga: ipi itengeneze kingamwili, ipi ishambulie, ipi itulie. VVU hutumia alama hiyohiyo ya CD4 kama mahali pa kujishikiza ili viingie ndani. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli kati ya 500 na 1,500 katika kila maikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 200, tunasema ugonjwa umefika hatua ya juu.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Damu tunayoichukua mkononi ina takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili, kundi la chembe nyeupe ambamo seli T zimo. Zilizobaki ziko kwenye mitoki, bandama, uboho na ukuta wa utumbo. Kwa hiyo namba ya CD4 inaripoti sehemu ndogo sana ya jeshi lote, na huko kwingine mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi kuliko karatasi inavyoonyesha.

Seli ya kinga ya mtu asiye na VVU huishi muda gani?

Inategemea ni seli gani. Chembe nyekundu, ambazo si za kinga, huishi kama siku 120. Neutrofili, zinazowahi kufika kwenye kidonda, haziishi sana. Seli T ambazo hazijawahi kukutana na adui zinaweza kuishi miaka. Zile zenye kumbukumbu ya ugonjwa uliopita huishi muda mfupi zaidi, ila zinagawanyika na kuachiana nafasi, ndiyo maana chanjo ya surua uliyochanjwa utotoni bado inakulinda.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliwapa watu glukosi yenye hidrojeni nzito, ambayo haina mionzi, wakapima jinsi alama hiyo inavyoingia kwenye seli mpya na kupotea. Kwa watu wasio na VVU, nusu-uhai ya seli CD4, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ilikuwa siku 87, na ya seli CD8, yaani seli T zinazoua seli zilizoambukizwa, siku 77. Kwa wenye VVU ambao hawakuwa kwenye dawa, muda huo ulipungua hadi chini ya theluthi moja. Na hapa naomba uangalie vizuri: hata CD8, ambazo kwa kawaida VVU haviziingii, nazo zilikuwa zinaisha haraka. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo kiini cha ukurasa wote.

Ni kweli VVU vinalala miaka 10 bila kufanya kitu?

Hapana. Hayo ndiyo waliyofikiri wengi hadi miaka ya mwanzo ya 1990, kwa sababu mtu alionekana mzima. Januari 1995 jarida la Nature lilitoa kazi mbili kwa pamoja, moja ya kundi la David Ho la New York na nyingine ya kundi la George Shaw la Alabama. Waliwapa wagonjwa dawa mpya zenye nguvu, zikiwamo zile tunazoziita leo ritonaviri, wakaangalia virusi vinashuka kwa kasi gani. Vilipungua kwa nusu ndani ya siku 2 hivi. Kama uzalishaji ukizuiwa virusi vinaisha haraka hivyo, maana yake kabla ya dawa vilikuwa vinazalishwa kwa kasi ileile vinavyoondolewa.

Mwaka uliofuata Alan Perelson wa Los Alamos, mtaalamu wa hesabu za kibiolojia, alishirikiana na Ho wakapata namba zilizo wazi zaidi: kila siku mwili wa mtu asiyetibiwa hutengeneza takriban virusi bilioni 10, kirusi kikiwa kwenye damu nusu-uhai yake ni saa 6 hivi, seli iliyoambukizwa na inayozalisha virusi huishi siku 2 na kidogo. Upande wa CD4, Ho na wenzake walikadiria kwamba karibu bilioni 2 zinapotea na kuzalishwa upya kila siku. Mtu anayejiona hana tatizo lolote, anapanda mwendokasi asubuhi kwenda kazini, ndani yake vita haijawahi kusimama hata saa moja.

Kama mwili unatengeneza bilioni kila siku, mbona CD4 zinashuka?

Chukua simtanki ya nyumbani. Pampu inajaza juu, koki ya chini inatoa. Kiwango cha maji kinaweza kukaa palepale mwezi mzima ilhali yanayopita ndani ni mengi mno. Koki ikitoa pungufu kidogo ya kile pampu inachoingiza, kiwango kinapanda. Ikizidi kidogo, kinashuka taratibu, na wewe unayeangalia kiwango peke yake huwezi kujua yanayopita ni lita ngapi. Ho alieleza jambo hili kwa mfano unaofanana na huo: virusi vinafungua koki, mwili unahangaika kujaza, mwishowe unazidiwa.

Mfano huo unasaidia kuelewa kwa nini namba iliyotulia haimaanishi mwili umetulia. Lakini ulitiliwa shaka, na kwa haki. Kwanza, CD4 zinazopanda wiki za mwanzo za dawa si zote zilizozaliwa upya. Nyingi zilikuwa zimenaswa kwenye mitoki iliyovimba, uvimbe ulipopungua zikarudi kwenye damu. Pili, mwaka 1996 kundi la Frank Miedema la Amsterdam lilipima telomia, yale mapande ya mwisho wa kromosomu yanayofupika kila seli inapogawanyika. Kama CD4 zilikuwa zinagawanyika kwa kasi iliyodaiwa, telomia zake zingekuwa fupi. Hazikuwa. Za CD8 ndizo zilizokuwa zimefupika. Mjadala ukawa mkali, na damu ya binadamu peke yake haikuweza kuumaliza.

Ndipo wakawageukia makaki?

Ndiyo. Makaki aina ya rhesus ni nyani wa Asia, na kwao huko hawana virusi vya namna hii. Waliambukizwa katika vituo vya utafiti vya Marekani na virusi vilivyotoka kwa mangabi, nyani wa Afrika Magharibi, wakaugua ugonjwa unaofanana sana na UKIMWI. Virusi hivyo, SIV vya makaki (SIV ni jamaa za VVU zinazokaa kwa nyani na sokwe), vilitambuliwa mwaka 1985. Tangu hapo makaki amekuwa mnyama mkuu wa kuchunguza ugonjwa huu.

Faida yake kwa swali letu ilikuwa kemikali iitwayo BrdU. Inafanana na moja ya matofali ya DNA, hivyo seli inayogawanyika huiingiza kwenye vinasaba vyake na kubaki na alama. Ukiiweka kwenye maji ya kunywa ya mnyama kwa muda fulani kisha ukaiondoa, unaweza kuhesabu ni seli ngapi zimezaliwa wakati huo, halafu ukafuatilia zinavyotoweka wiki baada ya wiki. Kwa binadamu haifai kutumiwa hivyo kwa sababu inaweza kudhuru vinasaba.

Matokeo yalitoka mwaka 1998 kwenye jarida la Science, tena kutoka maabara ya Ho, Perelson akishirikiana kwenye hesabu. Kwa makaki wenye SIV, seli zilikuwa zinazaliwa na kufa kwa kasi ya mara 2 hadi 3 ukilinganisha na makaki wasio na SIV. Na haikuwa CD4 tu. CD8 zilikuwa hivyo. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, hivyohivyo. Hata seli za NK, zile zinazoua seli zilizoharibika bila kusubiri maelekezo. Mfumo mzima ulikuwa unakimbia.

Kwa nini seli ambazo virusi havijaziingia nazo zife?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kama VVU vingekuwa muuaji wa kawaida, anayeingia nyumba moja na kumuua aliyemkuta, tungetegemea wafe walioambukizwa tu. Lakini ukimpima mtu mwenye VVU kwa miaka kadhaa bila dawa, seli CD4 za damu yake zilizobeba virusi ni chini ya 1 kwa 100. Vifo ni vingi kuliko maambukizi.

Jibu kubwa ni kuamka kwa kinga kupita kiasi. Seli T ikiamshwa inagawanyika haraka, inafanya kazi yake, kisha nyingi hufa. Ndivyo ilivyopangwa, na mafua yakipita mambo hurudi kawaida. Kwa VVU hayarudi. Kengele inalia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Mwaka 1999 Janis Giorgi na wenzake wa Los Angeles walionyesha kwamba kiwango cha kuamka kwa seli T, kinachopimwa kwa alama ya CD38 kwenye CD8, kilitabiri vizuri zaidi kuliko wingi wa virusi ni nani atakayekufa mapema kwa wagonjwa wenye ugonjwa uliofika mbali.

Kinachoibonyeza kengele ni nini? Virusi vyenyewe kwanza. Lakini kuna chanzo kingine kilichowashangaza wengi: utumbo. Ukuta wa utumbo ndiko waliko wengi wa CD4 wenye kumbukumbu, na hao ndio wenye kipokezi cha CCR5 ambacho virusi hukipenda. Mwaka 1998 ilionekana kwa makaki kwamba wiki chache tu baada ya maambukizi CD4 za utumbo zimekwisha, wakati za kwenye damu bado nyingi. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba kwenye kilele cha maambukizi ya mwanzo, asilimia 30 hadi 60 ya CD4 zenye kumbukumbu mwilini mwa makaki zinakuwa zimeambukizwa, na nyingi zinatoweka ndani ya siku chache. Zikishaondoka, hasa zile za kundi la Th17 zinazolinda ukuta, vipande vya bakteria wa tumboni vinavuja na kuingia kwenye damu. Jason Brenchley, Daniel Douek na wenzao waliandika hilo mwaka 2006. Bakteria wale hawana nia mbaya, wamekaa na sisi maisha yote, ila mahali pao si kwenye damu. Kinga ikiwakuta pale inapiga kelele bila kukoma.

Kuna njia nyingine pia. Mwaka 2014 maabara ya Warner Greene ya San Francisco ilionyesha kwamba seli CD4 iliyolala, virusi vikijaribu kuiingia na kushindwa kumaliza kazi, hujiua kwa namna inayoitwa piroptosisi: inapasuka na kumwaga kemikali za uvimbe. Kemikali hizo zinaita seli nyingine zije, nazo zinakutwa na yaleyale.

Mmoja wa wanafunzi wangu aliuliza kama ni seli T peke yake. Hapana. Kwa makaki, kasi ya kuzaliwa na kuisha kwa monosaiti, seli zinazotoka kwenye uboho na kugeuka makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, ilionekana mwaka 2009 kutabiri kufika kwa UKIMWI vizuri kuliko wingi wa virusi au kushuka kwa CD4. Uboho wenyewe unakuwa umesukumwa.

Nimesikia tumbili wetu wana virusi hivi lakini hawaugui. Ni kweli?

Ni kweli, na ni jambo la ajabu sana. Tumbili unaowaona Mlimani, Chuo Kikuu, au njiani kuelekea Morogoro ni wa jamii ambayo ina SIV yake yenyewe, na katika makundi mengi ya porini sehemu kubwa ya wakubwa wameambukizwa. Wanazaa, wanazeeka, wanakufa kwa mambo mengine. Mangabi wa rangi ya moshi wa Afrika Magharibi ni hivyohivyo. Virusi vyao ndivyo vilivyovuka kwa binadamu na kuwa VVU-2.

Usidhani wanavidhibiti virusi. Wingi wa virusi kwenye damu yao unalingana na wa binadamu mgonjwa asiyetibiwa. Na mwaka 2008, mangabi walipopewa dawa za kufubaza virusi, ilionekana kwamba seli zao zilizoambukizwa hufa haraka kama zetu. Yaani virusi ni vingi na vinaua seli vinazoziingia, na mnyama ni mzima.

Tofauti iko kwenye kengele. Wiki za mwanzo mangabi na tumbili nao kinga yao inaamka, jeni za intaferoni, kemikali ya kupiga mbiu dhidi ya virusi, zinawaka kama za makaki. Kisha ndani ya wiki chache zinazimwa. Kwa makaki hazizimwi. CD8 na seli nyingine za mangabi zinarudi kwenye mwendo wa kawaida wa kufa na kuzaliwa, ukuta wa utumbo unabaki imara, Th17 zinabaki. Wana hila nyingine za miili yao: CD4 za mangabi zile za akiba, zinazotakiwa kudumu, zina CCR5 chache, hivyo virusi vinaishia kwenye seli ambazo zingekufa mapema hata hivyo. Kwa tumbili, seli zikishapata kumbukumbu huipunguza alama ya CD4 na kuendelea kufanya kazi bila mlango huo.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa mwaka 2008. Tumbili wenye SIV waliamshwa kinga kwa makusudi kwa kupewa kipande cha ukuta wa bakteria. Virusi viliongezeka na CD4 zikapungua. Utulivu wao ndio uliokuwa unawalinda.

Utulivu huo ulichukua muda mrefu kujengeka. Uchunguzi wa nyani wa kisiwa cha Bioko, kilichotengana na bara la Afrika maji ya bahari yalipopanda, umeonyesha kwamba SIV ina zaidi ya miaka 32,000. Sisi na VVU-1 tuna kama karne moja tu.

Na sokwe wa Gombe je?

Kwa bahati mbaya wao si kama tumbili. Gombe, pale Kigoma ambapo Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, ndipo watafiti walipopata kwa mara ya kwanza virusi vya sokwe kwa mnyama anayeishi porini, wakitumia choo na mkojo uliookotwa chini, bila kumdunga mnyama sindano. Sokwe hao walifuatiliwa kwa miaka, na mwaka 2009 jarida la Nature lilitoa matokeo: ukizingatia umri, sokwe wenye virusi walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao. Majike wenye virusi walizaa mara chache na watoto wao walikufa zaidi. Sokwe mmoja aliyekufa alikutwa na tishu zilizoisha CD4 kama za mgonjwa wa UKIMWI wa hatua ya mwisho. Kundi la Kalande, kusini mwa hifadhi, ndilo lililokuwa na maambukizi mengi zaidi, na ndilo lililopungua sana.

Sokwe walipata virusi hivi kwa kuwinda nyani wadogo; virusi vyao ni mchanganyiko wa SIV za nyani wa aina mbili tofauti. Kwa hiyo kwao navyo ni vigeni zaidi kuliko vilivyo kwa tumbili. Wengi huniuliza kama VVU vilitoka Gombe. Hapana. VVU-1 vilivyoenea duniani vinatokana na sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, na vilianzia kusambaa Kinshasa mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi damu au nyama ya tumbili ni dawa?

La hasha. Kinachomkinga tumbili kimo kwenye vinasaba vyake, hakihami kwa kuliwa wala kunywewa. Kumchinja mnyama wa porini na kugusa damu yake ndiyo njia inayodhaniwa kuwa virusi vilitumia kumfikia binadamu.

Na ukiumwa na tumbili, hofu ya kwanza iwe kichaa cha mbwa na si VVU. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo.

Dawa zinafanya nini kwenye kasi hii ya kufa na kuzaliwa?

Zinazuia virusi kuingia kwenye seli mpya au kukamilika. Seli zilizokwisha kuambukizwa zinakufa zenyewe ndani ya siku chache, na hakuna zinazochukua nafasi yake. Ndiyo maana mtu anayetumia vizuri vidonge vyake, siku hizi TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu ikiwamo dolutegraviri, huweza kushusha virusi kwa kasi kubwa ndani ya wiki za mwanzo. Kengele nayo inapungua sauti, na seli zinaanza kuishi muda mrefu. CD4 hupanda kwa awamu mbili: haraka mwanzoni, zile zilizonaswa kwenye mitoki zikirudi, kisha polepole kadiri seli changa zinavyozaliwa. Kwa wastani mwaka wa kwanza ni ongezeko la seli 50 hadi 150.

Virusi vyangu havionekani kwenye kipimo, lakini CD4 zimegoma kwenye 280. Nimekosea wapi?

Hujakosea popote, mama. Swali hili huulizwa kwa aibu na sioni sababu ya aibu. Kuamka kwa kinga kwa miaka mingi kabla ya dawa huacha makovu ndani ya mitoki. Kolajeni, yaani nyuzi za kovu, inajaa mahali ambapo seli T zilikuwa zinapata chakula na ishara za kuishi. Tezi ya thaimasi, inayozalisha seli T changa, husinyaa kadiri umri unavyokwenda. Aliyeanza dawa akiwa na CD4 40 na umri wa miaka 55 hawezi kupanda sawa na kijana aliyeanza na 450. Kufubaza virusi bado kunakulinda sana. Muulize daktari wako kama bado unahitaji dawa za kinga kama kotrimoksazoli, na kama kuna kifua kikuu kilichojificha.

Kumbuka pia namba yenyewe inacheza. CD4 huwa chini mchana na juu zaidi jioni, hushuka ukiwa na maambukizi mengine, na kwa mjamzito hupungua kwa kuwa damu imeongezeka maji. Tofauti ya 30 au 40 kati ya vipimo viwili si habari ya kukukosesha usingizi.

Naweza kupumzika dawa miezi michache halafu nikarudi?

Tafadhali usifanye hivyo. Jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa kwenye utafiti wa SMART, wenye washiriki 5,472 katika nchi 33. Kundi moja liliendelea na dawa, jingine lilisimama CD4 zikiwa juu na kuanza tena zikishuka. Mwaka 2006 utafiti ulisitishwa kwa sababu waliosimama walikuwa na hatari ya magonjwa nyemelezi au kifo mara 2.6. Hata magonjwa ya moyo, figo na ini yaliongezeka kwao. Kengele ikianza tena kulia haisumbui CD4 tu, inaumiza mishipa na viungo vingine. Ukiacha, virusi kwa kawaida hurudi ndani ya wiki 2 hadi 4.

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011, watu walipofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na baadhi yao wakaacha ARV. Siwalaumu kwa kutafuta nafuu. Ila virusi haviombi ruhusa ya kurudi.

Kwa nini basi dawa haziondoi virusi moja kwa moja?

Kwa sababu ya seli chache zinazofanya kinyume cha yote niliyoeleza. Badala ya kufa haraka, zinalala na virusi vimejificha ndani ya vinasaba vyake. Seli hizo ni za kumbukumbu, zimeumbwa ili zidumu. Nusu-uhai ya akiba hiyo imepimwa kuwa takriban miezi 44, hivyo kuimaliza kwa kusubiri tu kungechukua zaidi ya miaka 60. Tena seli hizo zikigawanyika, zinazaa nakala zenye virusi vilevile. Uwezo wa seli za kinga kujirudishia, unaotuokoa upande mmoja, ndio unaoiweka akiba hai.

Mbona siku hizi hawanipimi CD4 kila nikienda CTC?

Kwa sababu tangu mwaka 2016 Tanzania humwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri CD4 zishuke. Kinachofuatiliwa sasa ni wingi wa virusi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kupima miezi 6 baada ya kuanza, tena miezi 12, kisha kila mwaka. CD4 bado ni muhimu mwanzoni, ili kujua nani yuko chini ya 200, na pale mtu anaporudi baada ya kuacha dawa au virusi vinapopanda.

Mlonge, rozela, bitiruti: vinaongeza CD4?

Kula vizuri ni jambo jema na mlonge ni mboga nzuri. Ila hakuna chakula kinachozima virusi, na bila kuvizima kasi ya vifo haipungui. Ukitumia dawa yoyote ya asili pamoja na ARV, mwambie mhudumu wako, maana baadhi zinaingiliana.

Dar es Salaam imechangia nini kwenye utafiti huu?

Mchango wetu mkubwa umekuwa kwenye chanjo. Kuanzia mwaka 2007 maofisa wa polisi wa jiji hili walijitolea kwenye jaribio la chanjo la HIVIS pale Muhimbili, na miaka ya karibuni Muhimbili na Mbeya zilishiriki jaribio jingine, PrEPVacc, ambalo uchomaji wa chanjo zake ulisitishwa mwaka 2023 kwa kuwa hazikuonyesha kinga.

Chanjo ya VVU ni ngumu kwa sababu ileile iliyojaza ukurasa huu. Chanjo huamsha seli CD4, na seli CD4 iliyoamka ndiyo virusi vinayoitafuta. Jaribio la chanjo la STEP lililosimamishwa mwaka 2007 liliibua hofu hiyo: baadhi ya wanaume waliochanjwa waliambukizwa zaidi ya wasiochanjwa. Inayotafutwa sasa ni chanjo itakayofundisha seli B kutengeneza kingamwili zenye upana wa kutosha, bila kuacha umati wa CD4 zilizoamka utumboni na kwenye njia za uzazi. Makaki bado wanatumika kwenye kazi hiyo. Kwa sokwe, Marekani ilishaacha kugharimia utafiti wa kuwadunga maradhi, nami naunga mkono uamuzi huo. Yale ya Gombe yalipatikana kwa kuokota choo na kuwa na subira.